Mizani ya Nanyamba na Kifaa Kisichokuwepo

Mizani ya zamani ya ghala la korosho kule Nanyamba ilianza kuonyesha unyevu wa korosho, ilhali haina kifaa cha kupima unyevu. Programu yake tuliiandika mimi na mwenzangu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ili ikubali kwenye mizani za aina zote. Kila kifaa tulikipa jina: likiandikiwa moja, kifaa kipo; likiandikiwa sifuri, hakipo.

Kwanza nilimshuku karani wa ghala. Kisha nikaushuku umeme. Tulipoketi barazani pa ghala na kompyuta, nikamshuku mwenzangu, maana alikuwa anaapa mno.

"Wallahi nimeandika sifuri!"

Kweli, kwenye faili lake la majina, kifaa cha unyevu kilikuwa na sifuri. Nikafungua faili jingine, aliloliandika yeye pia. Hapo programu iliuliza tu kama jina limetajwa, haikuuliza limeandikiwa nini. Basi ikadhani kifaa kipo, ikasoma upuuzi kutoka kwenye waya usiounganishwa na kitu.

Mbele yetu wakulima walipanga foleni ya magunia. Mwenye shughuli zake huacha gunia tupu limshikie nafasi. Nikamwonyesha mwenzangu moja.

"Lile lina korosho?"

"Halina."

"Lipo kwenye foleni?"

"Lipo."

"Basi programu yako imelipima."

Hakucheka. Tulikubaliana kila faili liulize swali moja tu: jina limeandikiwa nini? Tukaanza kukagua mafaili. Ya kwake niliyafungua mimi. Ya kwangu aliyafungua yeye, bila kuniomba ruhusa.