Jina la Baba Mkwe

Mpaka leo nikisikia mtu anasema, "Aligongwa kichwani, ndiyo maana yuko vile," damu inanichemka. Nani alipima? Alipimaje?

Mama yangu aliangukiwa na mzinga wa nyuki kule msituni Ugalla nikiwa bado nanyonya. Akabaki na kovu juu ya sikio. Alilima, alipika, alituchapa na kutubembeleza kama mama yeyote. Miaka ya tisini mwanzoni baba akafariki, na baba mdogo akataka kumrithi mama pamoja na mizinga. Mama akakataa, akamporomoshea matusi mbele ya watu. Hapo ndipo kovu likakumbukwa.

"Ubongo umeharibika," baba mdogo akatangaza, akampeleka hospitali Mpanda mjini. Nikafuatana nao. Akionekana mgonjwa angepelekwa mbali kwa vichaa, na sisi watoto tungebaki mikononi mwa huyo huyo.

Daktari alikuwa mgeni, mtu wa pwani. Akabonyeza kovu, akauliza mama alibadilika lini. Akamuuliza nani? Baba mdogo! Fisi aulizwe habari za mbuzi!

"Tangu kaka afariki," jamaa akajibu.

Sasa jamani, mzinga umeanguka miaka yote ile, ubongo ukasubiri msiba ndiyo uharibike? Daktari hakuliona hilo. Akaanza kupima kumbukumbu. Leo siku gani? Mama akajibu. Watoto wangapi? Akajibu.

"Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Mama akainamisha kichwa. Kwetu Wanyamwezi mkamwana hatamki jina la baba mkwe, hata akiwa peke yake shambani. Baba mdogo alijua vizuri sana, akakaa kimya anajikuna kidevu. Mshenzi yule!

"Daktari, kwetu hatuta..." nikaanza.

"Nyamaza, mtoto. Mwache mgonjwa ajibu."

Mama akanitazama. Kisha akalitamka lile jina, kwa sauti.

"Umeona, daktari?" baba mdogo akaruka. "Kwetu ni mwiko! Mwanamke mwenye akili zake anaweza kumtaja mkwe wake?"

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Mama akapandishwa treni.

Nyumbani nilimkuta babu, mwenye jina lenyewe. Akaniuliza mkamwana wake yuko wapi.

"Ametaja jina lako ili abaki na sisi, babu," nikamwambia. "Ndiyo wamemwondoa."