Dakika Sita za Kituo cha Nne

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi kengele ililia, nikaingia kituo cha nne. Kituo, katika mtihani wa vitendo wa uuguzi, ni meza moja, kazi moja na dakika sita. Kazi ya hapo ilikuwa kumpima mgonjwa presha, kumweleza majibu na kuyaandika.

Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya miaka kumi na sita katika zahanati moja karibu na Chimala. Nilikuwa muuguzi wa ngazi ya cheti. Mengi ya ziada nilijisomea mwenyewe, kwenye vitabu vya zamani na kamusi, baada ya zamu. Nilikuja Iringa kwa ruhusa ya mwaka mmoja ili nipate diploma na kuandikishwa kuwa muuguzi msajiliwa. Masomo ya darasani nilifaulu yote. Katika kituo hiki kimoja nilikuwa nimeanguka mwezi uliotangulia, na siku hiyo nilikuwa narudia. Nikianguka tena ningerudia muhula mzima, na ruhusa yangu isingefika huko.

Mara ya kwanza mtahini aliandika kwenye fomu yangu: hakumsalimia mgonjwa, hakujitambulisha. Ni kweli. Zahanati kwetu, siku ya kliniki, benchi linajaa akina mama waliotoka mashambani Ubaruku tangu alfajiri, na mtu hujifunza kushika mkono kwanza na kuuliza baadaye. Sikubishana na fomu. Nilinunua daftari, nikaandika hatua za kazi hiyo kwa mpangilio. Zilifika kumi na nne. Namba moja niliandika: salamu, bila haraka.

Chuo kilikuwa kikiwaalika watu wa mtaani waigize wagonjwa. Siku hiyo kwenye kiti alikaa bibi wa Kihehe, mdogo wa umbo, amevaa masweta mawili na kujifunga blanketi. Ulikuwa mwezi wa saba na baridi ilikuwa kali. Nikainama kidogo, nikamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene."

Uso wake ulikunjuka. Akaitikia, akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili. Akauliza nimeamkaje. Akauliza nyumbani wameamkaje. Nikamjibu. Akauliza nyumbani ni wapi, nikasema Mbeya, upande wa Mbarali. Akataka kujua kama mpunga ulitoka, kama mama yangu yuko hai, na mke wangu nimemwacha na nani. Huku Iringa mtu mzima anapokuuliza habari za nyumbani huwezi kumkatisha ukamshika mkono kama unakagua mzigo, na wewe pia unapaswa kumuuliza za kwake. Nikamuuliza. Alikuwa na watoto saba. Aliwataja mmoja mmoja, na mahali kila mmoja alipo.

Nilitazama saa. Dakika nne zilikuwa zimepita.

Nikajitambulisha, nikamweleza ninachotaka kufanya, nikamwomba avue masweta. Sweta la kwanza lilitoka. La pili lilibana kwenye kiwiko. "Taratibu, baba," akasema, "hili nilifuma mwenyewe." Nikamfunga kitambaa cha presha, nikaweka stetoskopu, nikajaza upepo. Nilikuwa naanza kuushusha kengele ilipolia.

Mtahini, mama mmoja mtulivu niliyemjua darasani, hakuinua macho kutoka kwenye fomu.

"Taja presha."

"Sijapata, mwalimu."

"Hujapata kabisa?"

"Mshipa sikuusikia. Kengele ilinikuta."

Hapo akainua macho. Akasubiri kidogo, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Nilijua anachonisubiri niseme. Kila muuguzi anazijua namba zile mbili za mtu mzima asiye na ugonjwa, na nimeona madaftari ya wodi yaliyojaa hizo tu, kitanda hadi kitanda. Sikuzitaja; nikamfungua bibi kitambaa. Mtahini akaandika, nikatoka.

Nje vijana wa darasa langu walikuwa wanaota jua ukutani. Waliniita Mzee, wote, tangu wiki ya kwanza. Nilipowaeleza, mmoja alicheka hadi akachuchumaa. "Mzee, ungesema mia na ishirini kwa themanini! Nani angeenda kumpima bibi wa watu ili kuhakikisha?"

Mwingine akasema mimi nilienda kuposa, sio kupima.

Nilicheka nao. Sikuwa na hasira wala huzuni, mikono tu ilikuwa ya baridi. Nilikwenda chumbani nikafunga vitu kwa mpangilio, vitabu chini, nguo juu.

Majibu yalitoka baada ya siku tisa. Nilianguka. Niliandika barua kwa mwajiri kuomba muhula mmoja zaidi, nikajibiwa kwamba zahanati ina upungufu wa watumishi na niripoti tarehe moja. Niliisoma mara mbili kuona kama kuna mlango. Hapakuwa nao. Mwaka unaofuata wangemruhusu mwingine, na mimi foleni ningeianza upya nikiwa na miaka hamsini na mbili.

Niliripoti tarehe moja. Wenzangu walinipokea vizuri, wakanipa meza yangu ileile. Mgonjwa wa kwanza nilimsalimia, nikampima, nikaandika nilichosikia.

Jioni ile mke wangu alinisubiri nimalize kula. Ili nisome, alikuwa amekodisha majaruba yetu yote mawili ya mpunga na kuuza pikipiki. Hakuwa amenilaumu hata mara moja kwenye simu.

"Baba, niambie tu nijue," alisema. "Shule imekula kiasi gani?"

Nilikuwa nimeshajumlisha ndani ya basi: ada, chumba, chakula, sare, mtihani wa marudio, nauli. Nikamwambia shilingi milioni nne, laki moja na elfu kumi na saba.