Nilivyosikika Kijiji Kizima

Hapa kijijini Ijumbi walinicheka: "Diploma yako ya Ulaya itaongea na migomba tu!" Nikaunda mtambo mdogo wa kurushia sauti kwa betri za tochi. Jioni moja, kama nilivyokubaliana na rafiki yangu mwenye redio kisiwani Goziba, nikaita: "Goziba, sikiliza! Huyu ndiye fundi!" Niliita muda mrefu, nikijisifu.

Siku chache baadaye jirani yetu Ma Koku aliporudi kutoka safarini, nikamwahi njiani. "Mama, sauti yangu imefika Goziba!"

"Waitu, jamani, ilijaa kwenye redio zetu zote," alisema taratibu. "Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo, mwanangu. Hatukusikia hata jina moja. Kumbe kaka yangu alitangazwa. Habari nimeletewa na mtu kwa kuchelewa; nimefika Bukoba wameshamzika."