Panya Mzima Mmoja

Mtaani walimwita Bwana Panya, na jina hilo alilibeba kifua mbele. Alikuwa fundi wa maabara ya chuo, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kutengeneza vimeng'enya vya panya, yaani zile protini za ini zinazovunjavunja mafuta, ili watafiti wajue chakula kinakwenda wapi kikishamezwa. Majirani waliamini anashinda kutwa akikimbizana na panya, naye hakuwasahihisha. Ukweli ni kwamba maabarani hapakuwa na panya hata wa dawa. Maelekezo ya kutengeneza protini yalipandikizwa ndani ya bakteria, bakteria wakalishwa mchuzi kwenye chupa, wakazaliana, wakapasuliwa, kisha yeye akachuja na kuchuja mpaka akapata matone machache safi. Panya mwenyewe hakuhitajika, na ndiyo maana kazi aliipenda.

Maana Bwana Panya aliwaogopa panya kuliko mauti.

Siri hiyo aliijua mkewe tu, mshona mapazia. Panya akionekana jikoni, mume alivuka ua kwenda kwa jirani, sajini mstaafu, akamwambia kwa sauti ya mwanamume aliyechoshwa kwamba mke wake amepiga kelele tena, si unawajua wanawake na panya. Sajini alikuja na mtego, akajifungia jikoni na mama mwenye nyumba, akatoka anapangusa mikono. Basi mtaa ukambandika mke jina la Mama Stuli, eti akisikia mkwaruzo tu anapanda stuli. Mwanamke wa watu alicheka nao na kuendelea kukanyaga cherehani yake.

Jumamosi moja fundi alikuwa peke yake kazini. Profesa, mkuu wake, alikuwa apite saa sita kuchukua vichupa arobaini vya kimeng'enya, jasho la miezi mitatu, vilivyokaa kwenye friza yenye baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri. Vikiyeyuka vimekufa, hakuna wa kuvifufua. Saa tano friza ikaanza kulia. Mfagiaji aliyetoka punde alikuwa ameigonga plagi kwa ufagio, ikachomoka. Kitu kidogo. Fundi alipiga magoti, akapenyeza mkono kati ya friza na ukuta, akainamisha kichwa aione soketi. Pembeni mwa soketi ameketi panya mzima, na masharubu yake, anamtazama.

Alivyofika juu ya stuli hajui mpaka leo. Akiwa huko aliona namba ya friza ikisoma sabini na moja chini ya sifuri, kisha sitini na sita. Mara mbili alishusha mguu, mara mbili akaurudisha. Wanasema panya wengi hawachimbi shimo. Huyu alikuwa mmoja tu, na alikuwa karibu kuizika miezi mitatu. Fundi alijiambia kwamba mnyama yule ni mfuko tu wa protini anazozijua kwa majina. Mfuko ukatikisa mkia. Akampigia simu mkewe.

Mama Stuli alifika na tepu ya kupimia shingoni. Alimfunika panya kwa kopo la plastiki, akasukumia kadibodi chini yake, akachomeka plagi. Friza ikanguruma. Papo hapo Profesa akaingia, akamkuta fundi wake yuko juu ya stuli, na mkewe ameshika kopo lenye kitu kinachokwaruza.

"Ni mimi," mke aliwahi kusema, kwa mazoea. "Nilimletea chakula, nikaona panya, nikapiga kelele. Yeye kapanda kutazama ametokea wapi."

Mkono ulioshika kopo haukutetemeka hata chembe. Bwana Panya aliutazama, akaona haya, kubwa kuliko ile aliyoikimbia miaka yote.

"Si kweli, Profesa. Anayeogopa ni mimi. Huyu ananifichia tangu tuoane. Nimetengeneza panya kidogo kidogo miaka kumi na tisa, lakini sikutaka kamwe kumwona akiwa amekamilika."

Profesa alicheka mpaka akashika meza, kisha akauliza friza ilifika ngapi. Hamsini na nane, na vichupa bado barafu tupu. Walikipima kimoja, kimeng'enya kikavunja mafuta kama kawaida yake. Panya akaachiwa nyuma ya uzio.

Jioni fundi alivuka ua ili jina la Mama Stuli lifutwe rasmi. Alimkuta sajini kibarazani anang'arisha viatu, akamweleza yote bila kupunguza neno, kwamba siku zote zile mwoga hakuwa mke.

Sajini hakucheka. Alikiweka kiatu chini.

"Basi na mimi nikwambie," alisema. "Kule jikoni kwako nilikuwa nasimama juu ya meza. Mtego alikuwa anatega mkeo. Na panya wa nyumbani kwangu pia, huja kunitolea yeye."