Harusi ya Golnar Ndani ya Ruta

Tangu asubuhi ya Alhamisi ile Ghodrat Paydar hakutulia. Mara ainuke, mara aketi, mara aende dirishani kuitazama mvua ya mji wa Rasht, ambayo haikuwa na jipya, kisha arudi kwenye pembe ya sebule ilipowekwa ruta, kisanduku cha mtandao wa nyumba, ainame na kuzitazama taa zake. Taa nne, zote kijani. Dakika tatu hazikupita, huyo tena kainama.

"Ghodrat, hizo taa hazizai," mkewe Mahrokh alimwambia kutoka jikoni. "Kaa kitako unywe chai."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Kandambili zako nazisikia tangu alfajiri."

Kwani angetuliaje? Saa kumi na moja na nusu jioni ile, kwa saa za Rasht, binti yao wa pekee, Golnar, angefungishwa ndoa huko ng'ambo, mjini Gothenburg, na wazazi walinyimwa viza. Wangeishuhudia ndoa kwenye televisheni ya sebuleni, na Mahrokh alikwisha kutandika shuka jeupe mbele yake, kapanga kioo na mishumaa na lozi za sukari, kama vile bibi harusi angetoka ndani ya kioo cha televisheni aketi pale.

Lakini viza si kitu. Kilichomla Ghodrat ni neno moja. Miaka minne nyuma, Golnar alipofunga masanduku yake aende masomoni, yeye baba mtu alisimama mlangoni akamwambia: "Ukivuka kizingiti hiki, usije ukaniomba tena idhini ya jambo lolote." Ulimi hauna mfupa. Mtoto akalia, akavuka. Tangu hapo wakizungumza ni habari za baridi na mvua, hujambo sijambo, haya nakupa mama yako. Neno lile hakulifuta, na mtoto hakulitaja.

Sasa kwa desturi ya kwao, bibi harusi anapoulizwa mara ya tatu kama amekubali, hujibu hivi: "Kwa idhini ya baba yangu na mama yangu, ndiyo." Hata mwenye baba mlevi husema hivyo. Je, huyu aliyekatazwa kuomba idhini atasema nini? Atamtaja mama peke yake? Ghodrat alitaka kulisikia jibu hilo kwa masikio yake, liwe tamu au chungu. Kusimuliwa kesho yake hakukutaka.

Na hapo ndipo ilipoingia ruta. Programu ya simu za video aliyoitumia Golnar haikufunguka nchini, maana serikali imeifungia, ila kwa kile ambacho watu wa pale hukiita kivunja chujio, na wengine huita VPN. Kila mtu anacho kwenye simu yake, kila mtu anakilaani, maana leo kinakwenda, kesho kimekufa. Televisheni haikuwa na pa kukiweka. Ghodrat akaona dawa ni moja: kukiweka kwenye ruta yenyewe, ili chochote kitakachoshika mtandao wa nyumba ile, iwe televisheni au birika, kipite humo humo.

Msimwone mzee mkampuuza. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa nyaya kwenye kituo cha simu. Mji mzima umeolewa na kutalikiwa kwa nyaya zilizopita mikononi mwake. Ila ruta ilimvua nguo. Ile ya zamani haikukubali kitu, akanunua nyingine. Muuzaji wa vivunja chujio, ambaye hakuwahi kumwona sura, akamtumia faili kwa ujumbe pamoja na maelezo ya mstari mmoja: "Haji, ingiza tu, itakubali." Ikakataa siku mbili. Ghodrat akabandua herufi, akabandika herufi, akawasha, akazima, akamtukana muuzaji na ukoo wake, mpaka alipogundua kwamba kwenye ufunguo wa siri, ule mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, ameandika herufi O mahali pa sifuri.

Siku ya tatu ikashika, na siku hiyo hiyo Mahrokh akaja na simu mkononi. "Umefanya nini? Benki inaniambia niko Ujerumani."

"Ujerumani?"

"Ndiyo, Frankfurt. Na programu ya teksi nayo hainipati. Mimi nimesimama hapa na mwiko, niko Frankfurt!"

Ghodrat akaanza kucheka, kisha akajipiga paji la uso, maana alikuwa ameelewa. Kumbe ni yale yale ya kituoni! Enzi zile mtu akitaka kupiga namba iliyofungwa, alimpigia jamaa wa mji mwingine, na jamaa yule ndiye aliyeipiga. Kituo kiliona tu kwamba umempigia jamaa. Mliyoyasema baadaye hakikujua. Jamaa wa sasa ni mashine iliyoko Frankfurt, na maneno huendea huko ndani ya bahasha iliyofungwa. Lakini nani anampigia jirani yake kupitia mji mwingine? Simu za mtaani zipite mtaani, za mbali ndizo zimpitie jamaa. Akaketi tena, akaiandikia ruta kanuni hiyo: anwani zote za nchini ziende moja kwa moja, zilizobaki ziingie kwenye bahasha. Mahrokh akarudi Rasht, benki ikafunguka, na kwenye televisheni Golnar akaonekana mpaka chunusi ya kidevuni.

"Baba, umeweza!" Golnar alisema siku hiyo ya majaribio.

"Kazi ndogo," Ghodrat alijibu. Akataka kuongeza neno, badala yake akauliza kama huko kuna mvua.

Basi Alhamisi ikafika, na saa kumi wageni wakaanza kumiminika, viatu vikajaa mlangoni. Wa mbele alikuwa Badri, dada yake Mahrokh, mwanamke ambaye sauti yake huingia nyumbani kabla ya mwili.

"Shemeji! Mbona umekonda? Anayeolewa ni wewe?"

"Karibu, bibi Badri, umetuletea nuru."

"Nuru utaiona wapi, macho yako yako kwenye kile kisanduku. Niambie kweli, itashika? Isije ikawa tumevaa hivi kuja kutazama ukuta."

"Itashika."

"Na watu wote hawa?"

"Itashika, nimesema!"

"Haya, usiniume. Penye wengi hapaharibiki neno."

Loo! Methali nayo huchagua siku yake. Mahrokh, mwanamke mkarimu, akawatembezea chai na vitumbua vya kwao vya mji wa Fuman, na pamoja na chai akawapa nywila ya mtandao, maana siku hizi mgeni asiyepewa nywila hujiona amenyimwa mto wa kuegemea. Watu kumi na mmoja wakaingia kwenye mtandao wa Ghodrat. Na watu kumi na mmoja, bila hata kufikiri, vidole vikaenda pale vinapokwenda kila siku. Wakawasha vivunja chujio vyao.

Saa kumi na moja na nusu kamili televisheni ikang'aa. Huyo Golnar, amevaa nyeupe tupu, chini ya kitambaa walichomshikia rafiki zake, bwana harusi pembeni anatoka jasho. Mahrokh akapiga ukelele. Mfungishaji akasafisha koo, akauliza: "Binti mtukufu, umenipa uwakili nikufungishe ndoa na kijana huyu?"

Mara ya kwanza bibi harusi hajibu. Wanawake ndio humjibia, kule na huku kwa pamoja: "Bibi harusi amekwenda kuchuma maua!"

Mfungishaji akauliza mara ya pili. "Bibi harusi amekwenda kuleta maji ya waridi!" wakaitikia, na katikati ya neno waridi picha ikasimama. Golnar mdomo wazi, jicho moja limefumba. Duara dogo likaanza kuzunguka katikati ya paji lake la uso.

Ghodrat akaruka kwenye ruta. Akainama. Taa nne za kijani, kama kwamba hakuna lililotokea duniani. Akafungua kompyuta yake, akaingia kwenye ukurasa wa ruta, akaona orodha: simu kumi na moja, zote zinapumua kwa kasi. Akageuka. Badri alikuwa ameshika simu yake juu, anajirekodi na mishumaa, na pembeni mwa kioo cha simu kuna kialama kidogo cha ufunguo, dalili ya kivunja chujio. Jirani yake, ufunguo. Mjomba wake Golnar kwenye kochi, ufunguo.

Akaelewa papo hapo. Kila simu ilikuwa ikifunga bahasha yake, na ruta yake maskini ikalazimika kuifunga kila bahasha ndani ya bahasha nyingine kabla ya kuituma. Kisanduku kile kidogo kilikuwa kinalamba gundi mpaka ulimi umekauka, na uso wa mwanawe ulikuwa mwisho wa foleni.

Mtu wa kwingine angepiga kelele pale pale. Lakini huyu alikuwa mwenye nyumba, na wale wageni, na kwao kumwambia mgeni azime simu ni sawa na kumpokonya sahani. Akaweka mkono kifuani.

"Samahani sana, niwe fidia yenu, kama si usumbufu kwenu..."

"Wewe usisumbuke, shemeji, sisi ndio tumekusumbua!" Badri akadakia.

"Hapana, mmetupa heshima, ni kwamba, kama itawapendeza, simu zenu..."

"Mungu asiipunguzie nguvu mikono yako, mtandao mzuri sana, unakwenda vizuri," mjomba akasema, naye akamsogezea lozi za sukari. "Keti nawe ule kidogo, umechoka."

"Sikuchoka, mjomba, ila..."

"Basi walau chai!"

Duara likazunguka. Huko Gothenburg labda swali la tatu lilikuwa limekwisha kuulizwa. Labda jibu lilikuwa limekwisha kutolewa, bila yeye, kama alivyoagiza mwenyewe kwa mdomo wake mlangoni. Ghodrat akatazama chai aliyonyooshewa, na adabu ya miaka sitini na nne ikamtoka.

"ZIMENI!" akanguruma. "Zimeni vivunja chujio vyenu nyote, sasa hivi! Mnamnyonga mwanangu!"

Kikombe kikagonga kisahani. Mahrokh akafunika uso kwa aibu.

"Ebo," Badri akasema polepole, "kumbe ana sauti." Lakini kidole chake kikashuka kwenye kioo, na ufunguo ukazimika. Wa jirani ukazimika. Mjomba hakujua pa kubonyeza, akaikalia simu yake. Badri akamsukuma pembeni, akaitoa, akamzimia.

Duara likazunguka mara mbili. Likapotea.

Sauti ilirudi kabla ya picha, nayo ilikuwa kicheko. Ukumbi mzima kule ulikuwa unacheka. Kisha Golnar akaonekana, ameketi vilevile, mikono mapajani. Hakuwa anacheka. Alikuwa amekodolea kamera macho, na wanja umeanza kumchuruzika.

"Binti yangu," mfungishaji alikuwa anasema, amechoka, "hii ni mara ya sita nauliza. Nina ndoa nyingine saa kumi na moja ya huku."

Na wasichana waliomzunguka wakaitikia kwa sauti moja: "Bibi harusi amekwenda kumleta baba yake!"

"Amefika!" Mahrokh akapiga yowe. "Golnar mpenzi, amefika, huyu hapa!" Akamshika mumewe mkono, akamvuta mpaka mbele ya kioo na mishumaa.

"Baba," Golnar akasema. "Uliniambia nisikuombe tena idhini. Nimekaa miaka minne sikuomba kitu. Leo naomba."

Ghodrat akaisogelea televisheni.

"Idhini ilikuwepo," akasema. "Siku ile pale mlangoni nilikuwa nayo, mwanangu, nilishindwa tu kukupa. Nisamehe. Ichukue. Ichukue, ni yako."

Golnar akafuta jicho kwa kiganja, wanja wote ukaenda shavuni. Akamgeukia mfungishaji, bila kungoja kuulizwa mara ya saba.

"Kwa idhini ya baba yangu," akasema, akavuta pumzi, "na ya mama yangu, ndiyo."

Vigelegele vikapasuka kule, na huku vikajibu. Ghodrat akalia kwa sauti mbele ya mashemeji wote, na hakuna aliyemtania, hata Badri.