Kijaluba cha Mama Yake Bibi

Tasnifu yangu iliporudishwa kutoka chuoni Nizwa ili niiandike upya, nilirejea nyumbani Ibra na mikono isiyotulia. Bibi hakuniuliza habari za chuo. Alinipa kazi.

Alikuwa na vijaluba vya fedha, vile vikebe vidogo vya kutilia tambuu, sinia nzima. Kimoja kilikuwa cha marehemu mama yake, kilichotoka Unguja. Vingine alivinunua mwenyewe sokoni Nizwa, mwaka hadi mwaka, kwa sababu vilifanana na kile. Ijumaa mama mdogo angekuja kutoka Sur, naye Bibi alitaka kumkabidhi kile cha asili. Macho yake hayakukitambua tena, na vidole vilikwishakufa ganzi kwa sukari.

"Vipige picha, unioneshe kwenye televisheni," alisema. "Nikimpa mwanangu cha dukani, mama atanijia usingizini kunigombeza."

Nikaiweka kamera kwenye alama ya ua, ile ya vitu vya karibu, nikaifunga kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nikaiacha ipige yenyewe ili kidole changu kisiitikise. Picha zote zilitoka na ukungu. Nikashuku lenzi, nikashuku mwanga wa dirisha, kisha nikajishuku mwenyewe kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Hatimaye nikakiona chetezo. Bibi hatoi kitu cha marehemu bila kukifukiza udi, na moshi ulikuwa ukipita taratibu baina ya kioo na fedha.

"Bibi, huu moshi..."

"Una nini? Unanuka?"

"Unanukia. Lakini kamera inaona ukungu."

"Basi kamera yako haina adabu. Ingoje."

Tukangoja makaa yafe.

Kwenye televisheni kila kijaluba kilikuwa kikubwa kama sanduku la nguo. Bibi alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Vyote viling'aa sawasawa, kwani jana yake alikuwa amevisugua kwa ndimu na majivu, kwa heshima ya mgeni. Nikahofu kwamba alama yoyote ya matumizi ingekuwa imeondoka.

"Rudi nyuma," akasema. "Hapo. Hiyo nyeupe ni nini?"

Ndani ya bawaba palikuwa na mstari mwembamba. Yawezekana ni jivu, niliwaza, au uzi wa kitambaa. Nikaikuza picha. Kilikuwa kitu kigumu, cheupe, kilichopasukapasuka kama tope lililokauka.

"Chokaa ya tambuu," Bibi akasema. "Hivi vya Nizwa havijatiwa tambuu hata siku moja, mimi mwenyewe sili. Mama ndiye aliyekuwa akiipaka chokaa kila mahali, hata kwenye mito. Tukimwambia, anasema ni sisi."

Nikakitoa kwenye sinia nikamwekea kiganjani. Akakifunga katika leso, peke yake. Nikamwomba nikipige picha tena, kwa pembe nyingine, tupate uhakika.

"Khalas, yatosha," akasema. "Nimeshamuona."