Fundi Aliyekata Kazi Yake Mwenyewe

Fundi wangu wa magari kule Kalamba amefariki, na jana tulimzika. Simu ya mkewe ilinikuta nikiosha ile pikapu yangu. Tulipomaliza kuzungumza nikaketi juu ya bampa nikalia kidogo, kisha nikacheka, maana nilikumbuka jinsi pikapu hiyo ilivyonikosanisha na fundi.

Wasomaji wa siku nyingi mnaujua ugonjwa wangu. Nilipostaafu ualimu, wenzangu walinunua ng'ombe. Mimi nikanunua injini kubwa ya silinda sita nikitaka itiwe kwenye pikapu kuukuu ambayo chesisi yake, ile fremu ya chuma inayobeba gari, ilikuwa imeliwa na kutu upande wa mbele. Fundi aliigonga kwa nyundo mara moja, kipande kikaanguka. Akaniambia, "Mwalimu, nguvu si shida. Shida ni hiyo nguvu itashikwa na nini." Akaikata sehemu yote ya mbele, akaunda nyingine kwa chuma kinene. Kipimo chake kilikuwa uzi wa katani. Aliuvuta kutoka pembe hadi pembe, mshazari huu na ule, mimi nikishika ncha, na mishazari hiyo isipolingana hakuwa na raha.

Sasa, nilikuwa nimejigamba kwa shemeji zangu kwamba Jumamosi ningewaongoza hadi Ikutha kupeleka mbuzi watatu wa ntheo, wale wanaofungua posa, maana mpwa wangu alikuwa amepata mchumba huko. Alhamisi kazi ilikuwa tayari, hata rangi imekauka. Fundi akapima mara ya mwisho, akapima tena. Moto wa kuchomelea ulikuwa umevuta chuma, na mshazari mmoja ulipungua upana wa kidole. Nikamsihi aiache hivyo hivyo hadi Jumatatu. Alichukua grinda akaikata kazi yake mwenyewe. Nikamwita mtu wa kiburi mbele ya wateja wake. Jumamosi nilifika Ikutha nimepakiwa nyuma ya lori la shemeji, pamoja na wale mbuzi, mmoja wao akiwa amenitafuna tai. Shemeji zangu hawajaacha kunicheka hadi leo.

Alipomaliza kuiunda upya alinipeleka kwenye barabara iliyonyooka nje ya soko, tukaenda polepole mimi nikiendesha, akasema, "Achilia usukani." Pikapu haikuyumba. Nami kwa ukaidi wangu sikumwomba radhi. Nilidhani nafasi ipo.

Sisi ni watu wa kupenda injini. Kanisani kwetu tulinunua spika zinazotikisa mabati kabla ya kubadilisha boriti zilizoliwa na mchwa, na mimi ndiye niliyeunga mkono hoja. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka, nadhani walikuwa wametoka kuunda chesisi.

Jana mkewe aliomba pikapu hiyo hiyo ndiyo imtoe mochari. Nguvu zote zile za farasi, nami nikaendesha mwendo wa punda. Tulipofika pale paliponyooka niliachilia usukani kidogo. Mkewe, aliyeketi kando yangu, hakushtuka. "Hata mkokoteni wetu alikuwa anaupima hivyo," akasema. Tukaenda sawasawa, fundi nyuma ndani ya jeneza, sisi mbele. Nikasema kwa sauti, "Fundi, unisamehe ile Alhamisi." Mkewe akanishika mkono, lakini si yeye niliyemkosea. Ukiwa na fundi anayeweza kukata kazi yake mwenyewe kwa ajili ya kidole kimoja, mwombe radhi angali anasikia.